Kumbukumbu Hii Ina Mwenyewe

Wasichana thelathini na wawili, taa thelathini na moja za kijani, na moja nyekundu. Nyekundu ilikuwa safu ya tatu karibu na dirisha, na mkono uliovaa mkanda wenye taa hiyo ulikuwa wa mwanangu.

Mimi ndiye niliyekuwa nasimamia chumba. Nilitembea hadi pale polepole, mikono nyuma, kama mwalimu anayekagua kucha. Kwenye kioo cha meza yake yalikuwa maneno manne: Kumbukumbu hii ina mwenyewe.

"Mwalimu," Syokau alinong'ona. Shuleni ananiita Mwalimu, nyumbani ndiko anakoniita Mama. "Inasema ni ya mtu."

"Soma tena."

"Nimesoma mara tano. Inasema imefanana asilimia tisini na moja na insha iliyoko kwenye Daftari. Susu wangu ni wa mtu?"

Susu ni bibi kwa Kikamba. Susu wa Syokau alikuwa mama yangu mzazi. Niliinama nikasoma insha aliyoandika mwanangu, na sikuhitaji kufika aya ya pili. Mama akichimba mchanga wa mto Kaiti wakati wa kiangazi mpaka maji yachuruzike chini. Mama akitia jani la mpera juu ya maji ya ndoo ili yasimwagike njiani. Mama akisuka kiondo huku anatembea, na katika kila kiondo akipitisha uzi mmoja wa buluu aliouchomoa kwenye sweta kuukuu, ili akikutana na kazi yake sokoni aitambue.

Nilizijua sentensi hizo. Zilikuwa zimesemwa vizuri zaidi mara moja, miaka kumi na moja iliyopita, na aliyezisema ni mimi.

"Vua mkanda," nilimwambia. "Twende nyumbani."

"Na chumba?"

Nilimwita mwalimu wa hesabu aje akae. Ilikuwa saa nne asubuhi. Dirisha la Daftari la kupokea insha lingefungwa saa kumi jioni, na bila insha iliyopokelewa, Chuo cha Maji kingempa nafasi yake mtu mwingine. Tangu akiwa darasa la tano msichana huyu huchora mabwawa ya mchanga nyuma ya madaftari yake yote. Nilijua anachopoteza kuliko alivyojua mwenyewe.

*

Kutoka shuleni hadi kwetu ni dakika ishirini kwa miguu, kupitia nyuma ya mji wa Wote. Siku hiyo tulitumia kumi na mbili. Njiani nilikuwa napanga maneno, nayapangua, nayapanga tena, kazi ambayo nalipwa kuwafundisha watoto wa watu.

Anayesoma haya huenda ni kijana na hajui dunia ilivyofika hapa. Mashine zilipoanza kuandika kila kitu, barua za kazi, hotuba za mazishi, hata maneno ya waume wanaoomba msamaha, vyuo viliacha kuamini karatasi. Vikabaki na swali moja: wewe ni nani, umetoka kwa watu gani, na unaishije katika dunia ya leo? Unalijibu ukiwa umevaa mkanda unaoitwa Shahidi. Mkanda husikiliza damu na jasho na mitetemo midogo ambayo mwili huitoa unapokumbuka jambo lililokupata kweli. Ukitunga, mkanda unajua. Ukisimulia ulichosikia kwa mwingine, unajua. Ukikumbuka, taa inakuwa ya kijani, na kumbukumbu inaandikwa kwenye Daftari kwa jina lako ili mtu mwingine asije akainakili.

Walidhani wamemaliza udanganyifu. Hawakutufikiria sisi. Watoto wa ng'ambo wasiokuwa na la kukumbuka, au wenye mengi wasiyotaka kuyakumbuka, walianza kututumia mikanda yao kwa posta. Unafungua kifurushi, unavaa mkanda wa mtu usiyemjua, unakaa chini na kukumbuka kwa niaba yake, kwa malipo. Nilikuwa hodari. Nilikuwa na digrii, mtoto mdogo, mama mgonjwa, na kazi hakuna. Sisemi hivyo nionewe huruma. Wako wengi waliokuwa na hayo yote na hawakuuza kitu.

Tulipofika nyumbani Syokau alikaa kwenye mkono wa kochi, mahali nilipomkataza kukaa tangu akiwa mdogo. Sikumkataza.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Uliiba insha ya mtu?"

"Laiti ningekuwa nimeiba." Nikamwambia. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, nikafungua dirisha lililokuwa wazi. Nilimwambia kuhusu vifurushi na mikanda na wale wanafunzi. Nilipomaliza alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

"Umefundisha insha miaka tisa," alisema. "Kila mwaka unaandika ubaoni: andika yako. Unapiga mstari chini mara mbili."

"Najua."

"Sawa. Basi niandike nyingine. Bado kuna muda. Ile siku ya mvua ya mawe, tulipojificha chini ya meza na susu."

"Niliuza."

"Kuku aliyetagia ndani ya kiondo?"

"Niliuza. Kwa kijana aliyekuwa anasomea upadri."

Kicheko kilitaka kumtoka, akakizuia kwa hasira. "Susu akinifundisha kuhesabu kwa punje za mahindi ya muthokoi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mama. Mimi kuzaliwa?"

Nilitaka kudanganya. Mungu anajua nilitaka. "Hiyo pia," nilisema.

Aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Hakuubamiza. Angeubamiza ningejua la kufanya, ningegombana naye kama mama na mwana. Huyu aliufunga taratibu, nami nikabaki sebuleni nikizunguka meza.

Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, hata aliye hai, mtu huyo amerudi nyumbani. Mwanangu ana jina la mama yangu, kwa hiyo tangu azaliwe namwita Mwaitu, yaani mama. Sijawahi kumpiga hata kofi. Nani anampiga mama yake? Wageni hucheka wakinisikia nikimwambia msichana wa miaka kumi na saba, "Mwaitu, niruhusu nipite." Siku hiyo nilisimama nje ya mlango wake na sikuweza kuliita jina hilo.

Kilichonisumbua kichwani kilikuwa hiki: kwa nini Daftari lilimnasa? Nilikuwa na utaratibu wangu. Unaandika ukitumia majina ya kweli, kwa sababu mkono ukiandika jina la uongo Shahidi husita. Ukimaliza unavua mkanda, unasoma mara ya mwisho, na hapo ndipo unabadilisha majina, mito, miti. Mto Kaiti unakuwa kijito cha huko kwao. Mpera unakuwa mti wowote. Insha arobaini na kitu, na kila moja niliibadilisha isitambulike hata na mimi, ingawa siku hiyo singethubutu kumwambia mwanangu abahatishe na mojawapo.

Isipokuwa hiyo moja. Hiyo sikuisoma mara ya mwisho. Nilikuwa nimeimaliza mchana, mkanda bado mkononi, nikabonyeza itume, halafu nikainuka kwenda chumba cha pili kumwona mama, aliyekuwa ameomba maji muda kidogo uliopita. Nilikuwa nimemjibu, "Nakuja." Nilipofika alikuwa ameshakwenda. Macho yamefumbwa, mikono juu ya blanketi, na kifuani jani moja la mpera. Dirisha lilikuwa wazi nikadhani ni upepo, ingawa mpera wetu uko upande wa pili wa nyumba. Jani hilo limenisumbua miaka kumi na moja. Majirani waliingia wakilia, na insha ikaenda ng'ambo na jina la mama yangu ndani yake.

Ningependa kusema niliacha siku hiyo. Niliendelea miaka miwili.

*

Saa saba nilifungua kompyuta na kusoma kanuni za Daftari. Njia ilikuwepo. Shahidi wa ukoo, yaani ndugu wa anayekumbukwa, anaweza kufungua dai kwamba kumbukumbu imechukuliwa isivyo halali. Mimi nilikuwa shahidi wa ukoo. Dai likikubaliwa, kumbukumbu inarudi kwa mtoto siku hiyohiyo. Ya yule mwingine inafutwa, na kila kilichojengwa juu yake kinafutwa nayo: shahada, leseni, kazi. Kuhusu mimi kanuni hazikuuliza. Aliyeandika kwa niaba hahesabiwi kosa, mradi yeye ndiye anayeleta dai. Yaani ningeweza kutoka humo msafi kabisa, na hilo lilinifanya nijisikie mchafu kabla sijafanya lolote.

Kabla ya kufungua dai, Daftari humruhusu mdai azungumze na mmiliki mara moja, bila kurekodiwa. Nilibonyeza. Sikutegemea kujibiwa.

Alijibu mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa sare ya hospitali, nywele zimefungwa ovyo. Jina lake lilijiandika chini: Maren Holtby. Alizungumza kwa lugha yake na mkalimani wa mashine akamsemea kwa Kiswahili kilichonyooka kama hotuba ya mkuu wa wilaya.

"Nimekuwa nikiungoja mwito huu kwa kipindi cha miaka kumi na moja," mkalimani alisema. Uso wa mwanamke ulikuwa umebadilika rangi. "Je, wewe ndiwe uliyeniandikia?"

"Ndiyo. Naitwa Ndinda. Mwalimu Ndinda."

"Unataka kuirudisha."

Nikamweleza: mwanangu, Chuo cha Maji, saa kumi. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwenye kiburi, mtoto wa matajiri aliyenunua mama yangu kama anavyonunua viatu. Ningempenda sana mtu wa namna hiyo. Ningefungua dai huku nakula.

"Nililelewa katika nyumba kumi na moja," alisema. "Nyumba za watu mbalimbali, kwa amri ya serikali. Chuo kiliponitaka niandike kuhusu familia, nilikuwa na faili tu. Nilivaa mkanda mara tatu. Taa ilikuwa ya kijani kila mara, lakini sikuweza kukubali kwamba mambo yale yasomwe na mtu. Nilikosea. Ninalijua hilo. Sitakuomba usifungue dai."

"Basi tusemezane nini?"

"Ningependa kuuliza jambo moja. Yule bibi, Syokau. Je, alikuwa akiimba? Katika insha haikusemwa."

"Hakuimba hata siku moja. Alikuwa na sauti mbaya na alijua."

Mwanamke alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na mkalimani, maskini, hakujua afanye nini, akanyamaza. Kisha mlango wa nyuma yake ukafunguliwa, akaingia mtoto wa kike wa miaka mitano hivi, amebeba gari la mbao. Maren alimwambia neno moja. Mkalimani hakulitafsiri kwa sababu halikuwa na tafsiri.

"Syokau."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akasema tena, mtoto akageuka.

"Nilimpa jina la bibi yule," alisema. "Sikuwa na mwingine wa kumpa. Shuleni wanashindwa kulitamka naye huwasahihisha. Huwaambia ni jina la mtu aliyeweka jani ndani ya maji."

Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka nimesimama katikati ya sebule, saa ya ukutani ikionyesha saa nane na robo, nikiwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani. Mtoto akishaitwa, ameitwa. Sijawahi kusikia katika ukoo wetu, wala ukoo wowote ninaoujua, mtu aliyekwenda kumvua mtoto jina. Mama yangu alikuwa amerudi mara mbili, moja hapa Makueni na moja ng'ambo kwenye theluji, na mimi nilitakiwa nimchague mmoja nimfute kwa kidole.

*

Syokau alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake. Kuta zetu ni nyembamba.

"Fungua dai basi," alisema. "Si ndiyo dawa?"

"Unataka nifungue?"

"Mama, usiniulize mimi! Wewe ndiye uliyeuza, wewe ndiye unayejua kanuni, halafu sasa niseme mimi?" Alikuja akasimama mbele yangu, na nikaona amekuwa mrefu kunizidi. "Huyo mtoto anaitwa Syokau kweli?"

"Kweli."

Alifikiri, akiuma mdomo. "Hawezi kufutwa," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa na ukweli wenyewe. "Hata kama mama yake alidanganya."

"Mwaitu, nitamwandikia mkuu wa Chuo. Nitasema kosa ni langu."

"Watakuambia dirisha limefungwa." Alivuta mkanda mezani, akaufunga mkononi kwa meno kama anavyofanya akiwa na haraka. "Ninayo nyingine. Ndiyo niliyoiandika kwanza, mwezi uliopita. Nikaifuta."

"Ipi? Nimekwambia niliuza zote."

"Hii hukuiuza," alisema, "kwa sababu hukuwepo."

Aliketi mezani. Mimi nilikwenda jikoni, nikarudi, nikatoka nje, nikafagia ua uliokuwa umefagiliwa asubuhi. Kupitia dirishani niliiona taa. Ilibaki kijani tangu mwanzo mpaka mwisho, wala haikutikisika. Saa tisa na dakika arobaini aliniita.

Mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane hawezi kupeleka insha bila kidole cha mzazi, na mzazi lazima asome kwanza. Alisukuma kioo upande wangu, akainuka, akaenda jikoni ili asinione nikisoma.

Alikuwa ameandika hivi:

"Nilikuwa na miaka sita. Susu aliomba maji. Mama yangu alikuwa chumba cha pili, amevaa mkanda, anaandika insha ya mtu mwingine kuhusu susu. Alisema nakuja. Susu aliomba mara ya pili, mama akasema nakuja. Mara ya tatu susu hakuomba, alinitazama tu mimi. Nilichukua kikombe cha bati nikachota mtungini. Kilijaa sana, nikaogopa kumwaga njiani, kwa hiyo nilitoka nje nikachuma jani la mpera nikaliweka juu, kama alivyokuwa akifanya kwenye ndoo. Susu alipoliona jani ndani ya kikombe alicheka mpaka akakohoa. Akanywa. Jani likamgusa mdomo, akalitoa, akalishika. Akaniambia, usimsumbue mama yako, anafanya kazi. Kisha akalala. Nilidhani nimefanya vizuri. Hata sasa nadhani nilifanya vizuri. Sikumwambia mama kwa sababu kila mara nilipotaka kumwambia alikuwa anaandika, na baadaye, alipoacha kuandika, niliogopa kwamba akijua atalia."

Iliendelea kurasa mbili, kuhusu maji na kwa nini anataka kuyasomea, lakini mimi nilirudi kwenye jani. Nilisoma hapo mara nne. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimeulaumu upepo.

Palikuwa na sentensi ndefu mno, na alama mbili za mkato zilizokosewa. Kidole changu kilikwenda chenyewe, mazoea ya kazi. Nikakirudisha.

Chini ya insha Daftari lilikuwa limeandika onyo kwa wino mwekundu. Insha hii inataja kosa la kuandika kwa niaba. Ikipokelewa, jina la mzazi litapelekwa kwenye Tume ya Walimu. Rasimu za mwanafunzi huyu zilizokataliwa, ambazo hazina dai, zitafutwa. Je, mzazi anathibitisha kwamba kumbukumbu hii ni ya kweli?

Tume ingeninyang'anya chaki, hilo halina mjadala. Ingeniuliza pia niliwaandikia akina nani, na jibu nilikuwa nalo tayari: mimi ni mwanamke msahaulifu. Niliogopa, sitasema sikuogopa. Niliwaza ubao wangu, na msichana wa safu ya mbele anayenirekebisha kila wiki, na chumba cha walimu kitakavyonyamaza nikiingia kuchukua vitu vyangu. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita.

Nikaweka kidole gumba. Kioo kikafikiri kidogo. Imepokelewa. Mmiliki wa kumbukumbu: Syokau Ndinda.

"Mama!" aliita kutoka jikoni.

Neno nakuja lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la siku zote. Nililimeza, nikainuka, nikaenda.